Umeona Nini Wiki Hii?

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijatoa cherehani nje, huwauliza vijana wawili wanaojifunza ufundi kwangu swali lilelile: wiki iliyopita umeona nini? Mmoja amezoea, hujibu haraka ili yaishe. Mwenzake alipoulizwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu anayedaiwa deni asilolikopa. Alidhani nimepotelewa na mkasi. Nikamwambia sijaibiwa, nauliza tu. Mimi niliulizwa swali hilo mwaka 1984, nikiwa na miaka 19, kwenye benchi nyuma ya ukumbi wa parokia hapa Mwanza. Nililijibu kwa muda mrefu kabla sijajua kwamba lilitoka Ubelgiji, kwa mtoto wa muuza makaa ya mawe.

Wakati huo nilikuwa saidia fundi kwenye baraza moja la Makoroboi, mtaa ambao wazee husema ulipata jina kwa mafundi waliokuwa wakikaa pale kutengeneza koroboi kwa makopo. Kazi yangu ilikuwa kutia vifungo, kupinda miguu ya suruali, kupuliza mkaa wa pasi na kuchota maji ya kunywa. Cherehani sikuruhusiwa kuigusa ila kuipaka mafuta. Mshahara wangu ulikuwa chakula cha mchana, na siku ambazo wateja hawakuja, hata hicho kilikuwa na maneno. Juu ya hayo kulikuwa na Nguvu Kazi. Sheria ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayojulikana, na sisi ambao kazi yetu haikuwa na karatasi tulihesabiwa wazururaji. Nilitembea na barua ya balozi wa nyumba kumi kwenye mfuko wa shati mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Nikaishona kwa uzi mweusi.

VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, nilijiunga kwa sababu walikuwa na mpira wa ngozi. Sioni aibu kusema hivyo. Mpira ulichezwa saa kumi, ila aliyetaka kucheza alipaswa awe ameketi kikaoni baada ya misa ya pili. Mlezi wetu alikuwa sista mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na daftari la jalada jekundu. Nilitegemea mahubiri. Badala yake akauliza mmoja mmoja: wiki hii, kazini kwako, umeona nini? Tukasema hakuna. Akaandika "hakuna" mbele ya kila jina, tukasali, tukaenda mpirani. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Wiki ya tatu binti mmoja aliyekuwa mtumishi wa nyumbani alisema, bila kuinua macho, kwamba ameona hajawahi kula pamoja na watu anaowapikia. Hakuna aliyecheka. Sista hakusema ni dhambi wala si dhambi. Aliuliza tu: na ninyi wengine, mnakula wapi?

Siku ile mpira ulichelewa.

Njia hiyo tuliitaja kwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Neno la katikati ndilo lililotusumbua. Kwa Kifaransa ni neno la kutoa hukumu. Kwetu likawa kuamua, na kijana akisikia "amua" hudhani ameambiwa achague upesi, aende au abaki. Sista alitukumbusha kwamba mwamuzi kwa asili ni yule anayeingia kati ya wanaogombana, akasikiliza huku na huku kabla hajasema neno. Mimi nikajieleza kwa lugha ya kazi yangu. Kitambaa umekiona, mkasi unao mkononi, lakini kati ya jicho na mkasi kuna futi ya kupimia, na asiyepima huharibu kitambaa cha mwenyewe. Futi yetu ilikuwa Injili ya Jumapili ile, na swali moja la Sista ambalo hatukulizoea: Yesu alikuwa mwana wa seremala, je, karakana ya Yosefu ilikuwa na wanafunzi wasiolipwa?

Mwenye njia hiyo aliitwa Joseph Cardijn. Alizaliwa tarehe 13 Novemba 1882 huko Schaerbeek, Brussels, akakulia Halle, mji mdogo karibu na jiji hilo. Henri, baba yake, aliuza makaa ya mawe. Alfajiri mtoto alisikia viatu vya mbao vikigonga mawe ya barabara: watoto wa rika lake, wengine wadogo kuliko yeye, wakienda viwandani. Yeye ilikuwa zamu yake kufuata njia ile. Akaomba aendelee na masomo awe padre, na wazazi waliokuwa wakiusubiri mshahara wake wakakubali kujibana. Mwaka 1897 akaingia seminari ndogo ya Mechelen.

Aliporudi likizo, wenzake aliosoma nao Halle walimpa mgongo. Wao walikuwa wafanyakazi sasa. Yeye alivaa vazi la watu waliokaa upande wa matajiri. Jambo hilo alilisimulia hadi uzeeni. Vitabu husema kwamba mwaka 1903, kando ya kitanda cha baba yake aliyekuwa akikata roho, aliapa kuyatoa maisha yake kwa wafanyakazi. Siwezi kubishana na kiapo cha mtu kwa marehemu babaye. Lakini mimi niliyewahi kurudi kijijini nikiwa na suruali ya mjini nadhani kiapo kilianza mapema zaidi, siku alipopita mbele ya rafiki zake na asisalimiwe.

Alipadrishwa mwaka 1906, akafundisha seminarini miaka kadhaa, na wakati wa likizo akasafiri kuangalia jinsi wafanyakazi wanavyojipanga. Huko Uingereza alionana na Ben Tillett, kiongozi wa makuli wa bandari. Mwaka 1912 akapangiwa kuwa paroko msaidizi Laeken, pembezoni mwa Brussels, na hapo ndipo habari yake inapoingia kwenye baraza langu. Alikabidhiwa vikundi vya wanawake na wasichana, na miongoni mwa wa kwanza kuwakusanya walikuwa wasichana wa sindano, wanaojifunza ushonaji kwa mabibi wenye karakana. Hakuanza na katekisimu. Aliwapa maswali waondoke nayo: unaingia kazini saa ngapi, unatoka saa ngapi, unapewa nini mwisho wa wiki, nani anakufundisha na nani anakutuma tu, mwenye karakana anakusemeshaje? Walikwenda kuuliza wenzao, wakarudi na majibu, na majibu yale ndiyo yaliyokuwa somo.

Historia ya Cardijn inaposimuliwa, wanaotajwa ni vijana watatu wa kiume: Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert, waliokuwa naye baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni haki yao. Lakini njia yenyewe ilijaribiwa kwanza mikononi mwa wasichana wenye vidole vilivyochomwa na sindano, na majina yao wachache wanayajua. Fundi yeyote atakwambia hivyo ndivyo ilivyo katika kazi zote: anayesifiwa ni aliyevaa suti.

Kuna jambo jingine la Laeken ambalo sikulisikia VIWAWA, nililipata ukubwani. Kanisa la Bikira Maria la Laeken ndilo lenye makaburi ya wafalme wa Ubelgiji. Leopold II alifariki Desemba 1909, akazikwa humo. Huyo ndiye aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908, watu wakipigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa msituni, kabla nchi haijakabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji. Basi padre kijana alipofika Laeken, mfalme huyo alikuwa hajamaliza miaka mitatu kaburini. Nimewaza sana juu ya mitaa ile. Pale wasichana wanahesabu saa zao za kazi, na palepale amelala mtu ambaye watumishi wake ng'ambo ya bahari walihesabu vikapu vya utomvu. Watoto wa Halle wenye viatu vya mbao na watoto wa Kongo waliobebeshwa mizigo walikuwa na bwana mmoja. Swali la kwamba umeona nini kazini kwako halikufika kwa hao wa pili hadi baadaye sana.

Vita vya Kwanza vilimfunga Cardijn mara mbili, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi yake. Alipotoka aliendelea na Tonnet na wenzake. Mwaka 1919 waliunda kikundi cha vijana wafanyakazi, na mwaka 1924 wakakipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Vijana Wakristo Wafanyakazi, JOC kwa herufi za Kifaransa. Hapo ugomvi ukaanza, tena ndani ya Kanisa lenyewe. Wapo waliotaka chama kimoja cha vijana Wakatoliki wote, mtoto wa mwenye kiwanda na mtoto wa mchukuzi wakae benchi moja. Kwa masikio ni jambo zuri. Cardijn alijua litakavyokuwa: mtoto wa mwenye kiwanda atakuwa mwenyekiti, na wa mchukuzi atapanga viti. Kardinali Mercier, askofu mkuu wake, naye alikuwa na mashaka. Machi 1925 Cardijn akaenda Roma kumwona Papa Pio XI. Inasimuliwa kwamba alisema anataka kujiua kwa kazi ili kuwaokoa wafanyakazi, na Papa akafurahi kwamba hatimaye amekuja mtu wa kumzungumzia umati na si wateule wachache. Mwezi uliofuata JOC ikafanya mkutano mkuu wake wa kwanza.

Msimamo wa Cardijn ulikuwa kwamba vijana wafanyakazi waendeshe mambo yao wao kwa wao, kwa mikono yao, kwa faida yao. Padre akae kando. Mimi nilidhani Sista wetu alinyamaza kwa haya. Kumbe alinyamaza kwa kanuni. Hata neno mlezi nililielewa hapo. Mlezi hatembei badala ya mtoto.

Vita vya Pili vilikuja kudai gharama. Tonnet na Garcet walikufa mwaka 1945 katika kambi ya Dachau. Lakini anayenikaa moyoni zaidi ni kijana wa Rennes, Ufaransa, aitwaye Marcel Callo, kwa sababu alianza kama nilivyoanza: alikuwa mwanafunzi wa ufundi, wa uchapaji. Mwaka 1943 alipelekwa Ujerumani kufanya kazi kwa lazima, na huko akakusanya wenzake wa JOC, akapanga misa, akauguza waliokata tamaa. Walimkamata mwaka 1944 kwa kosa la kuzidi Ukatoliki. Alikufa Mauthausen tarehe 19 Machi 1945, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, akiwa na miaka 23. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1987. Mwaka ule nilikuwa na miaka 22 na cherehani ya kwanza ya kukopa, wala sikuisikia habari hiyo. Ningeisikia, labda ningempa mwanangu wa kwanza jina la Marseli.

Yaliyofuata yamo kwenye vitabu, sitayarefusha. Mwaka 1957 vijana wapatao 30,000 kutoka nchi zaidi ya 80 walikusanyika Roma. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra, aliyaandika yale maneno matatu kuwa njia ya Kanisa zima: kutazama hali, kuipima, kutenda. Njia ya wasichana wa sindano ikawa imepanda hadi meza ya Papa. Mwaka 1965 Paulo VI alimfanya Cardijn kardinali, mzee wa miaka 82. Alifariki Leuven tarehe 24 Julai 1967, wakamrudisha Laeken. Amezikwa katika kanisa lilelile alilotumwa mwaka 1912, lilelile la Leopold.

Hapa kwetu maneno hayo yaliingia kwa wamisionari, yakashika mizizi katika vyama viwili, VIWAWA kwa tulio makazini na TYCS kwa wanafunzi. Yaligusa pia jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizikazia mwaka 1976. Ukikaa kwenye jumuiya, Neno likasomwa kisha mtu akauliza mtaani kwetu nani anaumwa, nani amefukuzwa nyumba, ujue Cardijn amepita hapo bila kupiga hodi.

Mnaweza kuuliza: basi ninyi wa 1984 mlitenda nini? Si kikubwa. Tulizunguka mabaraza ya Makoroboi siku mbili, tukiuliza yale maswali. Waliokuwa wakilipwa fedha hawakujaza vidole vya mkono mmoja. Wengi walikuwa na mwaka wa pili au wa tatu wa kutia vifungo. Tukakubaliana tusidai mshahara, maana mafundi wenyewe walikuwa na njaa; vitambaa havikuwapo madukani na nyuzi zilikuwa za kuviziwa. Tuombe kwamba mwanafunzi akae kwenye cherehani saa moja kila siku. Tulikwenda wawili wawili, kama wale 72 wa Injili. Mafundi wanne walikubali. Wangu alinifukuza papo hapo, akaniita mwanasiasa, na baada ya wiki mbili akatuma mtu aniite kwa sababu suruali za sikukuu zilikuwa hazijapindwa. Nilirudi. Ile saa moja nikaipata, ingawa hakuwahi kutamka kwamba amenipa.

Kisha sita tukachanga, tukanunua cherehani iliyotumika, mkanda wake umeungwa kwa waya. Tulishona kwa zamu. Tulidumu Krismasi mbili. Wa sita alidai zamu yake inaangukia siku zisizo na wateja, wa pili akawa hajaleta hesabu ya mwezi mzima, tukauza. Fungu langu lilinunua mkasi ambao ningali nautumia. Yule binti mtumishi wa nyumbani aliacha kazi ile, akapata nyumba ya watu waliomruhusu Jumapili yake yote. Mezani hakukaribishwa huko pia. Ila Sista alipomuuliza ameona nini, alisema ameona kwamba anaweza kuondoka.

Septemba 1990 Yohane Paulo II alikuja Tanzania, akafika na Mwanza. Watu wa rika langu huhesabu miaka kwa ziara ile, na sibezi. Nilishona magauni ya vitenge vya Papa usiku na mchana, nilipata fedha kuliko mwaka mzima uliotangulia, na alipopita nilipiga vigelegele mimi mwanamume mzima. Vijana walifurika parokiani miezi mingi baadaye. Walitaka sare, walitaka kwaya, walitaka kwenda hija. Nilishona sare hizo. Lakini vikao vya benchi vilikuwa vimeanza kufupishwa, na daftari jekundu sikumbuki lilikwenda wapi. Mtu aliyewahi kumwona Papa kwa macho yake, unamwulizaje ameona nini kwenye baraza la kushonea?

Leo nikipita parokiani nasikia mkurugenzi wa kwaya akifundisha sauti ya tatu, na nasikia raha kweli, maana wanaimba vizuri kuliko sisi. Vijana wa VIWAWA wengi wao ni waendesha bodaboda, wauza chipsi, wenye vibanda vya kuweka na kutoa pesa. Pikipiki nyingi si zao. Wanampelekea mwenye chombo hesabu ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ratiba yao ya mwaka niliiona ubaoni: mafungo, tamasha, harambee, michezo, kongamano. Tenda, tenda, tenda. Nikamwuliza mwenyekiti wao, kijana mwema sana, mara ya mwisho kikao chao kiliuliza lini hesabu ya bodaboda ni shilingi ngapi na nani aliyeipanga. Akasema, "Mzee, hayo si mambo ya dini." Sikumlaumu. Hata Halle walidhani hivyo.

Binti yangu mdogo anaishi Brussels, amekwenda kwa kazi ya kulea wazee. Mwezi wa kumi nilimsumbua mpaka akapanda tramu hadi Laeken siku yake ya mapumziko, akanipigia kwa video akiwa ndani ya kanisa. Picha ilikuwa ikikatika. Akanong'ona, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja anasali, "Baba, nimelipata la Kardinali. Hili hapa." Nikaliona dakika moja hivi, kisha kidole chake, kisha jiwe tena. Akauliza kama nataka amtafute na mfalme. Kaburi lake liko chini, lakini mlango umefungwa, hufunguliwa siku maalumu.

"Mwache," nikamwambia. "Wewe wiki hii umeona nini kazini?"

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata tena. Kisha akaanza kunieleza habari ya bibi mmoja wa chumba cha mwisho, asiyekubali kulishwa na mtu mwingine ila yeye, na ya zamu za usiku ambazo hupewa wageni peke yao, na wakati huo vijana wangu wawili walikuwa wameacha kushona, wamekaa kimya wanasikiliza.